Dirisha Juu ya Tangi

Mtu akiinua zulia la mpira lililotandikwa nyuma ya landrova iliyotembea miaka mingi katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, huenda akakuta chini yake jambo ambalo kiwanda hakikulitenda. Katika sakafu ya alumini patakuwa pamekatwa tundu la mraba, na juu ya tundu pamelazwa kipande cha bati kilicho kikubwa kidogo kuliko tundu lenyewe, kimeshikwa kwa skrubu pande zote nne na kuzungushiwa gundi nyeusi ili vumbi na maji visipenye. Chini ya bati hilo liko tangi la mafuta, na ndani ya tangi imo pampu. Kamusi hazijakipa kitu hiki jina lake. Hapa kitaitwa dirisha, maana kazi yake ni ya dirisha: mtu hapiti, lakini jicho na mkono hupita.

Vitabu vya historia ya nchi havina nafasi ya mambo madogo namna hii. Vimeandika juu ya barabara, reli na bomba la mafuta. Vimewataja wakuu walioweka mawe ya msingi na mataifa yaliyotoa mikopo. Lakini barabara haisafiri. Kinachosafiri ni gari, na gari halifiki mbali bila ya mtu awezaye kulifungua linapokataa kwenda. Kwa sababu hiyo iko historia ya pili, iendayo sambamba na ile ya mawe ya msingi, nayo ni historia ya mahali pampu ya mafuta ilipowekwa katika gari, na ya nani aliyeweza kuifikia. Mahali pa kuisoma historia hiyo ni vigumu kupata pema kuliko njia iendayo kutoka Iringa hadi Mbeya.

Iringa iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,600, na Mbeya kwa mita zipatazo 1,700. Atokaye Dar es Salaam hupita nchi ya joto, akavuka mbuga ya Mikumi, akateremka katika bonde la Ruaha pale Mbuyuni, na baada ya hapo hana budi kupanda Kitonga, ambako barabara hujikunjakunja ubavuni mwa mlima na malori hutambaa kama siafu waliobeba mizigo. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni kilomita zipatazo 330, kupitia Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala na Uyole. Huku ni baridi ya Mufindi, kule ni joto la ukingo wa Usangu. Mvua huanza aghalabu mwezi wa Novemba, hudumu hadi Aprili, na nje ya barabara kuu udongo huwa utelezi mtupu.

Katika nchi kama hii pampu ya mafuta hujaribiwa mara mbili. Kwanza ni joto. Petroli iliyopata moto ndani ya mrija wake hugeuka mvuke, na pampu iliyoundwa kuvuta maji haiwezi kuvuta mvuke; ndipo gari linapozimika katikati ya mlima ingawa tangi limejaa. Pili ni kimo. Pampu ya kuvuta, kwa hakika, haivuti kwa nguvu zake peke yake, bali hufanya uwazi na kuiacha hewa ya nje iyasukume mafuta yapande. Hewa ya Mbeya ina msukumo wa kadiri ya asilimia 82 ya ile ya pwani. Msukumo ukipungua mafuta hupanda kwa uvivu, na petroli huchemka mapema kuliko inavyochemka Dar es Salaam. Gari lililoupanda mlima wa Kitonga adhuhuri limeyapata majaribu yote mawili kwa pamoja, na yafaa jambo hili likumbukwe, maana litarudi kuwatetea wale ambao mafundi wamewalaumu sana.

Motokaa nyingi za mwanzo hazikuwa na pampu hata kidogo. Ford ya aina ya T, iliyotengenezwa Marekani tangu mwaka 1908 hadi 1927, ilikuwa na tangi chini ya kiti, na mafuta yaliteremka yenyewe hadi kwenye kabureta kama maji yateremkavyo mferejini. Katika mlima mkali, tangi likiwa na mafuta kidogo, kabureta ilijikuta juu kuliko tangi, na injini ikafa kwa kiu. Dereva mwenye akili aligeuza gari akaupanda mlima kinyumenyume. Lilikuwa jambo la kuchekesha kulitazama, lakini halikuhitaji kipuri wala fundi. Lilihitaji kujua tu kwamba mafuta hayapandi. Magari mengine yalitumia chombo kilichokopa pumzi ya injini ili kuyainua mafuta hadi katika kikopo kilichofungwa juu, kisha yakateremka kwa uzito wake. Chombo hicho nacho kilikuwa wazi mbele ya macho ya kila mtu.

Mji wa Mbeya ulianza mwaka 1927, na dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ndiyo iliyoupa haja ya magari. Reli ya Kati ilikuwa mbali sana, kule Dodoma na Itigi, kwa hiyo saruji, mabati, nguo, chumvi na petroli yenyewe vilikuja kwa lori. Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ambayo Waingereza waliiota kuwa njia ya kutoka Cape mpaka Cairo, iliingia Tanganyika kwa Tunduma, ikapita Mbeya na Iringa, ikaelekea Dodoma na Arusha. Katika ramani ilikuwa mstari mwekundu wa kujivunia. Katika ardhi ilikuwa njia ya udongo, na kila gari lililoipita lilipaswa kubeba ndani yake sehemu ya gereji yake.

Landrova ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kikitolewa kwa vibali, na kampuni ya Rover ikachagua kutengeneza bodi kwa alumini iliyochanganywa na madini mengine. Uamuzi huo ulizaliwa na dhiki, lakini ndio uliolitayarishia njia dirisha la miaka hamsini baadaye, kwa kuwa sakafu ya alumini hukubali kukatwa kwa mkono. Gari hili likaenea Tanganyika upesi. Lilimbeba bwana shauri na bwana shamba, polisi na padri, mpima ardhi na mgonjwa. Na baada ya Uhuru wa mwaka 1961 likambeba mkuu wa wilaya mpya katika kiti kile kile. Hata jina lake likapoteza ugeni. Mtu husema landrova kama asemavyo jembe, na katika vijiji kadhaa neno hilo lilitumika kwa gari lolote lenye uwezo wa kufika.

Landrova ya toleo la pili ilitokea mwaka 1958, na injini yake ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa na pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini yenyewe. Pampu hiyo yastahili kuelezwa kwa utulivu, maana ndiyo iliyowafundisha mafundi wengi maana ya pampu. Ndani yake mna kiwambo. Neno hili Waswahili walikuwa nalo zamani, kutokana na kuwamba, yaani kuivuta ngozi ikakaza juu ya ngoma. Nalo lilikifaa kifaa hiki bila ya kukopa neno jingine. Mkono mdogo wa chuma, usukumwao na mhimili wa injini, hukivuta kiwambo chini na mafuta huingia; springi hukirudisha juu na mafuta huenda kwenye kabureta. Chini yake pana bakuli la kioo, ambalo huonyesha maji na taka zilizotoka katika pipa. Pembeni pana kijiti cha kubombea kwa mkono, kwa ajili ya gari lililokaukiwa. Ukifungua boneti umeviona vyote. Kufungua bakuli, kulipangusa na kulirudisha ni kazi ya dakika chache, nayo huweza kufanywa na mtoto aliyeonyeshwa mara moja.

Pampu hiyo haikuwa na ukamilifu. Kiwambo kilipasuka, na penye mlima mkali joto la injini liliichemsha petroli iliyomo. Walakini kila ugonjwa wake ulikuwa na dawa ya njiani. Petroli iliyogeuka mvuke ilitulizwa kwa kitambaa kibichi kilichofungwa juu ya pampu. Kiwambo kilichopasuka kilibadilishwa, na kilipokosekana, dereva aliyekata shauri alirudi katika enzi ya Ford: akafunga debe la petroli mahali pa juu, akateremsha mpira hadi kwenye kabureta, akaenda zake kwa uzito wa mafuta yenyewe. Ilikuwa njia ya hatari, na haifai kusifiwa kupita kiasi, kwa sababu debe la petroli juu ya injini ya moto limewaunguza watu. Wengine walijaribu kukata kiwambo katika mpira wa ndani wa gurudumu, wasijue kwamba mpira huo huvimba ndani ya petroli na kulegea baada ya muda mfupi. Hata kosa hilo lilikuwa elimu, maana aliyelifanya alikuwa amekwisha kuifungua pampu na kuona jinsi inavyofanya kazi.

Elimu hiyo ilipanuliwa na jambo lililotoka mbali. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Ian Smith ilijitangazia uhuru huko Rhodesia. Zambia, iliyokuwa imepata uhuru wake mwaka mmoja tu kabla, ilikuwa ikipata mafuta kwa njia ya Rhodesia, na mwezi wa Desemba njia hiyo ikafungwa. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilibeba mapipa kwa miezi kadhaa, lakini ndege ibebayo mafuta nayo hula mafuta, na hesabu yake haikuweza kudumu. Mzigo ukaiangukia Barabara Kuu ya Kaskazini. Kutoka Dar es Salaam, kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma, malori yalipanda na mapipa ya petroli na dizeli na kurudi na shaba ya Zambia. Na tarehe yenyewe ilikuwa mbaya, maana Novemba ndipo mvua za kusini zinapofunguka. Barabara ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya udongo na kokoto ikageuka tope, tope likageuka mahandaki, na wageni wakaibatiza Njia ya Jehanamu. Malori yalipinduka, mengine yakateketea pamoja na shehena. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya uchukuzi ya Zambia na Tanzania, na Fiat za Italia zikaanza kuonekana kwa wingi Kitonga na Uyole.

Yasemwa kwamba barabara ile ilisaidia kuiokoa Zambia, na ni kweli. Yafaa kuongezwa kwamba waliosaidia kuiokoa barabara walikuwa watu wasiotajwa: madereva, mautingo na mafundi. Utingo ni mtu asiye na tafsiri nyepesi katika lugha nyingine. Yeye hupakia na kushusha, huweka jiwe nyuma ya gurudumu, hulala juu ya mzigo, na gari likizimika yeye ndiye aingiaye chini yake kwanza. Mautingo wengi wakawa madereva, na baadhi yao wakawa mafundi, kwa sababu hakuna shule iliyofundisha kwa ukali kama Kitonga wakati wa masika. Iringa na Mbeya zikawa miji ya gereji. Ndani ya gereji hizo mafuta machafu ya mapipa yalisomwa katika mabakuli ya kioo kama kitabu: kutu kutoka katika pipa lililozeeka, maji kutoka katika pipa lililoachwa mvuani, mchanga kutoka mkononi mwa aliyemimina kwa haraka.

Mwaka 1968 bomba la mafuta, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilifika Ndola kutoka Dar es Salaam, na mapipa yakapungua barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara ikatiwa lami, na katikati ya miaka hiyo reli iliyojengwa kwa msaada wa China ikapita Makambako na Mbeya. Mambo haya yameandikwa mahali pengi na hayahitaji kurudiwa. Kilichobaki bila ya kuandikwa ni kwamba lami haikufika Matamba, wala Makete, wala Ileje, na kwamba kwa watu wa huko Njia ya Jehanamu haikwisha mwaka 1968. Ilihama tu kutoka barabara kuu ikaingia njia za pembeni.

Kisha ikaja miaka ya ukame wa vipuri. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta duniani ilipopanda, fedha za kigeni zilikuwa haba na pampu mpya ikawa kitu cha kuombewa kibali. Fundi wa wakati huo hakubadilisha vifaa, alivifufua. Alichonga, alijaza, aliunganisha pampu mbili zilizokufa akapata moja iliyo hai. Penye alama za miji na vijiji hapakuandikwa kazi hiyo, na gereji nyingi hazikuwa na ubao wala leseni. Lugha ikazipa jina la gereji bubu. Ni jina zuri na la haki nusu tu: hazikusema kwa ubao, lakini zilisikika kwa nyundo toka alfajiri.

Hata hapo, gari likiwa limechakaa kiasi gani, pampu ilikuwa bado mahali pa kufikiwa na mkono. Landrova za dizeli zilizofuata, hata zile za injini ya 300Tdi iliyoanza mwaka 1994, zilikuwa na pampu ya kiwambo ubavuni mwa injini pamoja na kijiti chake cha kubombea. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1998. Mwaka huo landrova ya Defender ilipata injini ya Td5, yenye silinda tano na kompyuta ya kuiongoza, na pampu ya umeme ikatumbukizwa ndani ya tangi. Katika gari refu tangi liko nyuma, chini ya sakafu wanayokanyaga abiria.

Wahandisi hawakufanya hivyo kwa ujinga wala kwa uchoyo. Pampu iliyo ndani ya tangi husukuma badala ya kuvuta, na kisukumwacho hakijali sana kama hewa ya Mbeya ni nyepesi. Mafuta yaliyo katika shinikizo hayageuki mvuke kwa urahisi. Tangi liko mbali na joto la injini, na mafuta yanayoizunguka pampu huipoza na kuilainisha. Kwa maneno mengine, yale majaribu mawili ya Kitonga, joto na kimo, yalipata jibu. Atakayeandika historia ya dirisha bila ya kukiri jambo hili atakuwa amewadhulumu watu waliofanya kazi njema mezani kwao.

Lakini meza haikuwa Matamba. Kutoka Chimala hadi huko njia hupanda ukingo wa milima kwa makona yaliyoipa jina la Hamsini na Saba, kwa idadi yake. Gari likizimika katika kona ya arobaini, jioni ya mwezi wa Februari, likiwa na mjamzito ndani anayepelekwa hospitali, dereva hana kioo cha kutazama wala kijiti cha kubombea. Hata debe la juu ya paa halimfai tena. Injini ya Td5 hutaka mafuta yenye shinikizo la kadiri ya mara nne ya hewa ya kawaida, na ili kupata shinikizo hilo kwa uzito wa dizeli peke yake, debe lingepaswa kuinuliwa zaidi ya mita 45 juu ya injini. Njia ya kurudi katika enzi ya Ford ilikuwa imefungwa.

Kuibadilisha pampu kwa utaratibu wa kiwanda kulidai tangi lishushwe. Tangi la gari refu huchukua lita zipatazo 75. Likijaa, mafuta peke yake yana uzito wa zaidi ya kilo 60. Hapana budi yamwagwe kwanza, na vyombo vya kuyapokea vipatikane. Kisha zifuatwe boliti zilizokula kutu na tope la miaka, mirija na nyaya zifunguliwe kwa kupapasa, gari likiwa limeinuliwa na fundi amelala chali. Katika karakana yenye sakafu ya saruji na winchi hiyo ni kazi ya nusu siku. Juu ya tope ni kazi ya siku nzima, na huenda isifanyike kabisa.

Na kulikuwa na ugonjwa mpya. Pampu inayolainishwa na mafuta inayoyasukuma huishi kwa wema wa mafuta hayo. Katika miaka ya kabla ya 2011 mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kuliko dizeli, na wafanyabiashara wasio na haya wakayachanganya. Taifa zima likajifunza neno kuchakachua, ambalo mwaka 2010 lilihama kutoka vituo vya mafuta likaingia hata katika siasa na mapenzi. Mwaka huo EWURA ilianza kutia mafuta alama ya kemikali ili uchakachuaji utambulike, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya udanganyifu iondoke. Lakini dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hailainishi vizuri, na pampu zilizokwisha kuyanywa mafuta hayo zilikuwa zimeanza kulia. Pampu ya Td5 inayokaribia kufa hulia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa, na abiria wa benchi la nyuma huisikia chini ya miguu yao kabla dereva hajapata habari.

Hapo ndipo palipozaliwa haja ya dirisha. Wazo hilo si mali ya Mbeya wala Iringa peke yake. Wenye landrova wa Uingereza, Australia na Afrika ya Kusini walilifikia pia, kila mmoja kwa sababu zake. Wengi wao hukata dirisha ili kuokoa jumamosi moja. Kwa mwenye gari la abiria la njia za pembeni, dirisha huokoa kazi yake, na pengine zaidi ya kazi.

Kazi yenyewe huonekana nyepesi kwa asiyeifanya. Sakafu haionyeshi pampu ilipo, kwa hiyo fundi hana budi kuingia chini ya gari, apime kutoka katika chasisi na vichwa vya boliti hadi katikati ya mfuniko wa pampu, kisha apande juu akavihamishe vipimo hivyo kwa chaki. Akikosea kwa upana wa vidole vinne, tundu litaangukia mahali pasipo na kitu, au litaukata mhimili unaoibeba sakafu. Tangi la Defender hiyo ni la plastiki, nalo liko karibu na sakafu. Ncha ya keekee iliyoachwa ipite kwa nguvu italitoboa, na nyaya na mirija ya pampu hupita hapo hapo. Kwa hiyo aliye makini hutoboa pembe nne kwa hadhari, kisha akakata kwa ubapa wa msumeno ulioshikwa mkononi, au kwa mkasi wa bati, polepole. Jiwe la kukatia la umeme hufupisha kazi, lakini likigusa skrubu ya chuma hurusha cheche. Dizeli ni mpole kidogo katika jambo hili, maana mvuke wake hauwaki mpaka joto lipite nyuzi 50. Petroli haina upole huo: hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi kali kuliko usiku wa Julai kule Mufindi. Aliyeona fundi akikata sakafu ya gari la dizeli akaenda kuiga juu ya tangi la petroli, hajajifunza kazi, amejifunza mwendo wa mkono tu. Watu huungua kwa tofauti hiyo.

Tundu likiisha kukatwa, kingo zake hupigwa tupa ili zisikate nyaya na vidole. Vumbi hufagiwa na kupulizwa kabla pete ya pampu haijafunguliwa, kwani kila kitakachoanguka hapo kitaingia katika tangi. Bati la kufunikia hufungwa kwa skrubu, na halichomelewi, si kwa sababu ya moto tu, bali kwa sababu dirisha lililochomelewa limekwisha kuwa ukuta. Skrubu za chuma cha kawaida nazo zina hila: zikikutana na alumini penye maji, alumini huliwa, na baada ya misimu michache ya mvua skrubu hubaki na tundu pana lisiloshika kitu.

Wako wanaolichukia dirisha, nao wana hoja. Sakafu ni kizuizi kati ya abiria na tangi. Kuitoboa ni kukipunguza kizuizi hicho. Bati lililofungwa ovyo hupitisha harufu ya dizeli na vumbi, na pigo la ajali likilifungua, mafuta yana njia. Mnunuzi akiliona hupunguza bei, akidhani gari limechezewa. Hoja hizi ni nzito dhidi ya dirisha baya. Dhidi ya dirisha jema ni hafifu, na ushahidi umetoka katika kiwanda kile kile. Discovery ya toleo la pili, iliyotoka mwaka huo huo wa 1998, ikiwa na injini ile ile ya Td5 na pampu ndani ya tangi, ilipewa na watengenezaji wake kifuniko chini ya zulia la nyuma, cha kufungulia pampu kwa skrubu. Gari la mjini likapewa dirisha, na gari la shambani likanyimwa. Sababu yake huenda ilikuwa ndogo, labda mchoro wa zamani wa sakafu ambao hakuna aliyetaka kuubadilisha. Lakini basi fundi wa gereji bubu aliyekata sakafu ya Defender hakuvunja sheria ya uhandisi. Aliinakili kutoka ukurasa wa jirani.

Na kiwanda kilijua. Injini ya 300Tdi, yenye pampu ya kiwambo na kijiti cha kubombea, haikuachwa mwaka 1998. Kwa miaka kadhaa iliendelea kutolewa kwa majeshi na kwa wanunuzi wa baadhi ya nchi ambao hawakuitaka kompyuta wala pampu iliyozama. Toyota nao waliendelea kuuza katika Afrika landkruza za injini ya 1HZ, isiyohitaji pampu ya umeme katika tangi, na juu ya chujio lake pana kitufe cha kubombea kwa kiganja. Asiyejua historia ya Njia ya Jehanamu hustaajabu kwa nini mashirika na hospitali za misheni ziling'ang'ania gari lililoonekana la kizamani. Hazikung'ang'ania uzamani. Ziling'ang'ania kitufe kile.

Defender ya umbo la zamani iliacha kutengenezwa Solihull tarehe 29 Januari 2016. Zilizokwisha kuuzwa hazikuacha kutembea, na pampu za kubadilisha huuzwa Dar es Salaam kwa aina mbili, ya asili na ya kuiga, bei zikiachana kwa mbali. Ya kuiga aghalabu hulia mapema. Mwenye gari lisilo na dirisha hulazimika kununua ya asili, kwa kuwa hawezi kumudu kulishusha tangi mara mbili kwa mwaka. Mwenye dirisha hununua anayoiweza, huweka nyingine chini ya kiti imefungwa katika gazeti, na bisibisi huikaza pamoja nayo kwa utepe ili visitengane.